Akiba ya Maji ya Bahari

Mkazi wa Nyangamara akiambiwa kwamba katika miji ya ng'ambo, ambako bahari haionekani wala upepo wake haufiki, wako watu wanaonunua chumvi kwa ndoo, wakaikoroga katika mapipa nyumbani mwao na kuyaita maji hayo bahari, haitakuwa ajabu akicheka. Kwake yeye chumvi ni ya kutia mbogani, na bahari iko Lindi, imejaa tayari, haingoji kukorogwa na mtu. Hata hivyo watu hao si wendawazimu. Wanafuga samaki na viumbe wengine wa maji ya chumvi katika matangi ya vioo, na kila siku au kila wiki hawana budi kutoa sehemu ya maji yaliyochafuka na kutia mapya. Siku hizi wengi wao wameikabidhi kazi hiyo kwa mtambo: pampu moja hutoa, nyingine hutia, na mwenye nyumba amelala. Mtambo huo huchota maji yake kutoka katika tangi la akiba, na habari yetu ya leo ni juu ya tangi hilo.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu linatuhusu kuliko linavyoonekana. Pwani yetu, kutoka Kilwa hadi Sudi, imekuwa ikisikia wito wa kufuga viumbe wa baharini: jongoo bahari, kaa, mwatiko, kambamiti. Zanzibar, huko Beit-el-Ras, kimejengwa kituo cha kutotolesha viumbe hao. Nako bara kidogo, katika shule za mahali kama Nyangamara, mwanafunzi wa biolojia hujifunza habari za kiti cha pweza kwa kutazama mchoro, akaujibia mtihani mchoro huo, ilhali mnyama mwenyewe amelala juu ya mchanga katika mkoa huu huu. Yeyote atakayetaka kumtotolesha jongoo, au kumwonyesha mwanafunzi kiti cha pweza aliye hai, atakutana na swali moja: maji ya kubadilishia yatatoka wapi, na yatahifadhiwaje hadi siku ya kutumika? Kwa maoni yetu swali hilo ndilo la kwanza, na la mtambo ni la pili. Mtambo hauna ulimi wa kuonja. Ukipewa maji mabovu utayapeleka kwa viumbe kwa uaminifu ule ule na kwa kipimo kile kile.

Tuanze na maji yenyewe. Katika kila kilo moja ya maji ya bahari kuu mna takriban gramu 35 za chumvi za namna namna. Kloridi ni zaidi ya gramu 19, sodiamu karibu 11, salfeti kama 2.7, magnesiamu kama 1.3, na kalsiamu na potasiamu takriban gramu 0.4 kila moja. Jambo la ajabu ni kwamba uwiano huu haubadiliki sana kutoka bahari moja hadi nyingine. Meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876 ikikusanya maji ya bahari zote, na mkemia William Dittmar akapima sampuli 77 za maji hayo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1884, yalionyesha kwamba maji yanaweza kuwa na chumvi nyingi au chache, lakini sehemu za chumvi hizo zenyewe kwa zenyewe hubaki karibu zile zile. Kwa hiyo kiumbe wa baharini amezoea mchanganyiko maalumu, na hakuna siku hata moja katika maisha ya ukoo wake ambapo bahari ilimletea mwingine.

Hapa ndipo wengi watauliza: je, kwa nini tusichukue chumvi ya Kilwa au ya Lindi, tukaitia katika maji ya kisima, tukapata bahari? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika mashamba ya chumvi yenyewe. Mvuna chumvi huingiza maji ya bahari katika mabwawa na kuyaacha jua liyale. Maji yanapopungua kufikia kama nusu, chokaa huanza kutengana na kutuama. Yakifikia kama sehemu moja ya tano, jasi nayo hushuka. Chumvi ya kula haianzi kuganda mpaka maji yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Ikishaganda, mvunaji huikwangua na kuyamwaga yale maji machungu yanayobaki, ambayo ndani yake imo karibu magnesiamu yote na potasiamu. Basi huyu bwana, kwa ustadi wake wote, amefanya kazi ya kuivunja bahari vipande vipande na kutuuzia kipande kimoja tu. Chokaa na jasi vimebaki katika mabwawa ya kwanza, maji machungu yamerudi mkondoni, na sokoni imekuja sodiamu na kloridi pamoja na madini joto yaliyoongezwa kwa ajili ya afya zetu. Ukiirudisha chumvi hiyo majini utapata maji ya chumvi, lakini hutapata bahari. Kiti cha pweza akitiwa humo hataishi.

Chumvi inayouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki ni kitu kingine. Hiyo imechanganywa na viwanda kwa kurudisha kila sehemu kwa uwiano wake, na bei yake si ya chumvi ya mboga. Mtu wa kwanza kujulikana sana kwa jambo hilo alikuwa Mwingereza Philip Henry Gosse, ambaye mwaka 1854 alieleza namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi nne tu: chumvi ya kawaida, salfeti ya magnesiamu, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Kalsiamu aliiacha nje. Wataalamu wa leo wataona upungufu, lakini kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, maana London haiko ufukoni na maji ya bahari yalipaswa kubebwa kutoka mbali.

Kama miaka 17 baadaye alitokea mwingine katika mji ule ule ambaye kwetu sisi ni muhimu kuliko Gosse. Huyo ni William Alford Lloyd, aliyejenga nyumba ya samaki ya Crystal Palace iliyofunguliwa mwaka 1871. Wageni waliokwenda kutazama waliona vioo na samaki wakafurahi, lakini werevu wa Lloyd ulikuwa chini ya miguu yao. Huko alijenga birika la akiba lenye giza, ambalo ujazo wake ulizidi kwa mbali ujazo wa matangi yote ya maonyesho yakiwekwa pamoja, na pampu za mvuke zikawa zinayapandisha maji usiku na mchana na kuyaacha yarudi chini kwa uzito wake. Lloyd alifahamu kwamba samaki wachache katika maji mengi hawayachafui upesi, na kwamba maji yakikaa gizani hayaoti ukungu wa kijani wala hayapati joto haraka. Tangu hapo wajenzi wa nyumba za samaki wameongeza vyombo vya kila aina, lakini giza na wingi wa maji havijapata mbadala.

Mfano wa tatu unafanana zaidi na hali ya mtu wa bara. Mji wa Chicago, Marekani, uko kando ya ziwa la maji baridi, mbali sana na bahari. Ilipofunguliwa nyumba ya samaki ya Shedd mwaka 1930, maji ya bahari yaliletwa kwa reli kutoka Key West, kusini kabisa mwa Florida. Mabehewa 20 ya matangi yalikwenda na kurudi mara nane, na jumla ya maji yaliyobebwa ilikuwa galoni milioni moja za Kimarekani, yaani karibu lita milioni 3.8. Msomaji na afikirie gharama ya kuvuta mzigo huo nchi nzima. Hatimaye hata hao wenye reli na fedha waliona ni nafuu kuleta chumvi kavu na kuichanganya papo hapo, kwa sababu lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya tani moja, na ndani ya tani hiyo chumvi zote hazifiki kilo 37. Anayebeba maji kutoka Lindi hadi Nyangamara kwa lori anabeba maji matupu zaidi ya sehemu 96 kwa mia ya mzigo wake. Hesabu hiyo inamtaka achague mapema: ama alipe nauli ya maji, ama alipe bei ya chumvi ya kiwandani na kuichanganya na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Hakuna njia ya tatu, isipokuwa ile ya kudanganywa na chumvi ya mboga, ambayo tumekwisha kuieleza.

Wenzetu wa Kilwa na Lindi mjini watasema kwamba mashaka hayo si yao, kwani wao wana bahari mlangoni. Tunawaomba wasiseme hivyo upesi. Bahari ya mlangoni si ile ile mwaka mzima. Mvua za kusini huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo Lukuledi humwaga tope lake katika ghuba ya Lindi, Mbwemkuru na Matandu nazo zikafanya vivyo hivyo katika sehemu zao. Maji ya juu huwa na chumvi pungufu, na rangi yake ni ya chai. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, mvua na mafuriko yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika maeneo ya Kilwa. Siku kama hizo mwenye kituo cha kutotolesha hawezi kuchota baharini kwa sababu bahari imechafuka, wala hawezi kungoja gunia la chumvi kutoka Dar es Salaam kwa sababu barabara haipo. Kilichomo katika tangi lake la akiba ndicho alicho nacho.

Na si viumbe wote wanaovumilia. Mwatiko ni samaki mstahimilivu, huingia hata katika maji ya mtoni. Kaa koko mkubwa naye amezoea mikoko ambako chumvi hupanda na kushuka kila maji yakijaa na kupwa. Lakini jongoo bahari, kiti cha pweza na ukoo wao wote hawana namna ya kuirekebisha chumvi ya mwili. Maji ya nje yakipoa chumvi, ya ndani nayo hupoa. Wakichelewa kuhama wanakufa. Jongoo jike mmoja wa aina ile inayotafutwa na wafanyabiashara anaweza kutaga mayai mamia ya maelfu, hata kupita milioni, na watoto wake huelea majini kwa muda wa kama wiki mbili kabla ya kutua. Katika wiki hizo mbili maji yao hubadilishwa mara kwa mara, na siku moja ya maji yenye chumvi pungufu hutosha kuimaliza kazi ya msimu. Kwa kuwa jongoo wa porini wamekwisha kuvunwa kupita kiasi katika sehemu nyingi za pwani hii, hasara hiyo si ya kijana mmoja mwenye tangi. Ni mbegu iliyopotea.

Basi maji ya akiba yachotwe lini? Wavuvi wetu wanajua kuliko kitabu. Yachotwe katika miezi mikavu ya kusi, Juni hadi Oktoba, wakati wa bamvua, maji yanapokuwa yamejaa kabisa, maana hapo ndipo maji safi ya bahari kuu yanaposukumwa hadi karibu na ufuko. Yasichotwe wakati wa maji mafu ndani ya ghuba, wala maji yanapokupwa, kwa sababu wakati huo kinachopita mbele yako ni maji yanayotoka mikokoni na mitoni. Na yasichotwe karibu na gati wala karibu na mahali pa kuoshea vyombo vya injini.

Maji hayo mabichi hayafai kutumika siku hiyo hiyo kana kwamba ni maji ya bomba. Yamejaa vijidudu na vijimea visivyoonekana. Vikifungiwa hufa, na vikioza hula hewa yote iliyomo majini. Desturi ya tangu zamani ni kuyachuja kwa mchanga na kitambaa kizito, kisha kuyaweka gizani kwa wiki kadhaa mpaka kilichopaswa kufa kife na kilichopaswa kutuama kituame, halafu kuyachota kwa juu bila ya kukoroga mashapo, na kuyapuliza hewa kabla ya kuyatumia. Vituo vikubwa hufupisha muda huo kwa dawa ya klorini, ambayo baadaye huondolewa kwa dawa nyingine na kupimwa kabla ya kiumbe yeyote kuguswa na maji. Njia ya dawa ni ya haraka lakini inamtaka mwenye vipimo. Asiye navyo na afuate njia ya subira.

Maji ya kuchanganya yana masharti yake. Chumvi hutiwa katika maji, kidogo kidogo, huku maji yakizunguka. Ukifanya kinyume, ukamimina maji kidogo juu ya chumvi nyingi, kalsiamu hukutana na wenzake kwa wingi mno, ikaganda kuwa ungauonga mweupe ambao haurudi tena majini hata ukikoroga hadi jioni. Mchanganyiko uachwe uzunguke na kupulizwa hewa kwa siku nzima, mpaka uwe mwangavu, ndipo upimwe. Maji ya mjini yaliyotiwa klorini yasitumike kabla ya kuondolewa dawa hiyo. Tena, maji ya chumvi ya joto la kwetu hayashiki hewa nyingi: katika nyuzi 30 lita moja ya maji ya bahari hushika miligramu kama 6 tu za oksijeni, ambapo maji baridi ya mtoni katika joto hilo hilo hushika zaidi ya 7. Ndiyo sababu tangi la akiba linahitaji kupuliziwa hewa au kuzungushwa hata kama hakuna samaki ndani yake.

Chombo nacho. Pwani hii haina haja ya kufundishwa na mgeni habari za kuweka maji. Husuni Kubwa, jumba la mfalme pale Kilwa Kisiwani, lina bwawa la pembe nane lililojengwa katika karne ya 14, na misikiti ya kale ya upande huu ilikuwa na mabirika ya kutawadhia. Lakini hayo yalikuwa maji matamu, na maji ya chumvi ni mkorofi kwa vyombo. Bati lenye zinki halifai. Koki ya shaba haifai, kwa kuwa shaba ikiliwa na chumvi huingia majini, na kiasi kidogo sana cha shaba huua viumbe wasio na uti wa mgongo huku samaki akiendelea kuogelea kana kwamba hakuna neno. Birika jipya la saruji hutoa chokaa kali kwa muda mrefu. Lijazwe maji na kumwagwa mara nyingi, kwa majuma, kabla ya kuaminiwa. Kinachobaki kwa wengi wetu ni tangi la plastiki lile linalouzwa madukani kwa maji ya kunywa, mabomba ya plastiki na koki ya plastiki. Tangi jeusi ni zuri kwa giza lake, lakini likiachwa juani maji yake mchana huwa ya kuogea mgonjwa. Liwekwe chini ya kivuli cha makuti.

Na lifunikwe. Sababu ya kwanza ya kifuniko ni mbu. Wako watu wanaodhani mbu hazai katika maji ya chumvi, na wanakosea: pwani ya Afrika Mashariki ina mbu wa malaria aitwaye Anopheles merus ambaye mazalio yake ni hasa maji ya chumvichumvi. Sababu ya pili ni jua. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo. Chukua tangi la lita 1,000 lenye kilo 35 za chumvi. Lita 100 zikipotea hewani, kilo zile zile 35 zinabaki katika lita 900, na kila lita sasa ina karibu gramu 39. Mtambo utayapeleka maji hayo kwa jongoo bila ya kuuliza. Kwa hiyo tangi la akiba lichorwe alama ya kimo cha maji siku linapojazwa, na kabla ya kutumika lijazwe tena kwa maji yasiyo na chumvi hadi kwenye alama. Chombo cha kupimia chumvi ni haidromita, ambayo katika maji ya bahari huonyesha kama 1.025, au kile kijidarubini cha kutazama kwa jicho kinachoitwa refraktomita, ambacho kwanza husahihishwa kwa maji yenye kipimo kinachojulikana.

Sasa tufike kwenye mtambo, ambao huenda wengine walidhani ndio tungeanza nao. Uzuri wake hatuukatai. Mtu akitoa lita 100 kwa mkupuo kutoka katika tangi la lita 1,000 na kutia 100 mpya, uchafu hupungua kwa sehemu 10 katika mia. Mtambo ukifanya kazi hiyo hiyo polepole kwa siku nzima, uchafu hupungua kwa sehemu 9.5. Tofauti ni ndogo, na viumbe hawashtushwi. Lakini pampu mbili hazilingani daima. Tuseme pampu ya kutoa inatoa lita 100 kwa siku na ya kutia, kwa sababu bomba lake limechakaa, inatia 90 tu. Zile 10 zinazopungua hujazwa na koki yenye boya iliyounganishwa na maji ya kisima, kama ilivyo kawaida katika mitambo hiyo. Kimo cha maji hakibadiliki hata kidogo, na anayepita hutazama na kuridhika. Baada ya siku 30 chumvi imeshuka kutoka gramu 35 hadi chini kidogo ya 32. Hakuna kengele iliyolia wala tone lililomwagika.

Kwa hiyo sisi tungeshauri, hasa kwa mahali ambapo umeme hukatika, mtambo usio na mota. Tangi la akiba liinuliwe juu ya kichanja imara, maji yateremke kwa matone kupitia koki ya plastiki, na katika tangi la viumbe liwekwe bomba la kumwagia ziada kwenye kimo kilichopangwa. Kila lita inayoingia huisukuma lita moja nje. Hapo hazihitajiki pampu mbili za kulingana, kwani maji yenyewe ndiyo mizani. Umeme ukikatika matone yanaendelea. Tangi la juu likiisha, yanakoma, na hakuna kinachofurika. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na si vibaya mkazi wa Lindi kukumbuka hilo taa yake inapozimika. Lakini kumbukumbu haipulizi hewa, na watoto wa jongoo hawangoji. Umeme uliopo utumike kwa pampu ya hewa na betri yake ya dharura. Kubadilisha maji kunaweza kuachiwa mwinuko.

Limebaki jambo ambalo wauzaji wa mitambo hawalisemi, na ambalo kwa Nyangamara ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Mtambo unaotia lita 100 kwa siku hutoa lita 100 kwa siku. Katika Lindi mjini au Kilwa Masoko maji hayo machafu yanaweza kurudishwa baharini baada ya kutuamishwa. Lakini bara yatakwenda wapi? Lita 100 zina kilo tatu na nusu za chumvi. Kwa mwaka mmoja hiyo ni zaidi ya kilo 1,270, yaani tani moja na robo, inayomwagwa nyuma ya darasa au nyuma ya nyumba ya mtu. Muhogo hautaota hapo. Mkorosho wa jirani utaanza kukauka majani pembeni, na mvua ikinyesha chumvi itateremka ardhini kukitafuta kisima. Shule ikifuga kiti cha pweza kimoja kwa gharama ya kisima cha kijiji, itakuwa imefanya biashara mbaya.

Ipo njia, nayo inataka tangi dogo na viumbe wachache. Tangi la darasani la lita 200, linalobadilishwa lita 10 kwa wiki, hutumia lita 520 kwa mwaka, na hizo hupatikana kwa safari mbili au tatu za madumu kwenda pwani katika miezi ya kusi. Madumu yakirudi yamejaa maji mapya hufunikwa na kuwekwa gizani stoo. Maji machafu hutiwa katika madumu yaliyokwisha kuwa matupu, yakaandikwa ubavuni kwa rangi ili yasichanganywe na mapya, na safari ifuatayo kwenda Lindi hubebwa na lori lile lile, yakamwagwa kwenye mkondo maji yanapokupwa, kabla ya madumu kuoshwa na kungojewa bamvua ijae.